Jackal, Leamas au Red October: soma malalamiko ya wasomaji kabla hujachagua

Niliwapa watu wawili kitabu kimoja kwa nyakati tofauti, The Day of the Jackal cha Frederick Forsyth. Wa kwanza alinirudishia baada ya wiki akiwa ameishia kama robo hivi, akaniambia huyu muuaji anazunguka tu, leo kaenda kwa fundi bunduki, kesho kwa mtu wa vitambulisho feki, sasa kazi ataanza lini? Wa pili alikimaliza kwa siku tatu na kitu cha kwanza alichonisimulia ni huyohuyo fundi bunduki, yaani namna wale wawili wanavyokaa wanaongea vipimo kwa utulivu kabisa kama vile mtu anaagiza kabati la nguo. Sehemu ileile. Mmoja imemfukuza, mwingine imemnasa.

Tangu hapo nyota ambazo wasomaji wanavipa vitabu sizitazami sana, nasoma malalamiko. Anayesifia mara nyingi anakwambia tu kitamu, sikulala, basi. Anayelalamika anakuonyesha kwa kidole kitu chenyewe kilichomkera, na hapo ndo unajua kama na wewe kitakukera au ndo hasa ulichokua unakitafuta.

Vitabu ninavyolinganisha ni vitatu, ambavyo mtu akitaka kuingia kwenye riwaya za siasa za kimataifa na ujasusi lazima atatajiwa na atakwama aanze na kipi. Cha kwanza ni hicho cha Forsyth cha mwaka 1971: OAS, kundi la siri la Wafaransa waliokasirishwa na Rais Charles de Gaulle kuiachia Algeria, wanamkodi Mwingereza asiyejulikana amuue. Cha pili ni The Spy Who Came in from the Cold cha John le Carré, 1963, nitakiita Leamas kwa kufupisha, hilo ndo jina la jasusi wake: mkuu wa kazi za Uingereza kule Berlin ambaye watu wake wameuliwa mmoja mmoja upande wa Mashariki, sasa anaombwa kazi moja ya mwisho, ajifanye amefilisika na kuoza ili maadui waje wamnunue. Cha tatu ni The Hunt for Red October cha Tom Clancy, 1984, ambapo nahodha wa Kisovieti anaondoka na nyambizi mpya yenye injini ya kimya kuelekea Marekani, wenzake wanamkimbiza na Wamarekani hawajui anakuja kujisalimisha au anakuja kupiga. Miisho yote sitaigusa.

Vigezo vyangu ni hivi: subira kinayokudai mwanzoni, ukweli wa mambo yake, watu waliomo, lugha, na kimezeeka vipi. Nimevichagua kwa sababu ndo vitu watu wanavyogombania kila vitabu hivi vikitajwa.

Subira ya mwanzo

Jackal kinaanza asubuhi ya baridi mwezi Machi 1963, Jean-Marie Bastien-Thiry anapigwa risasi na kikosi cha jeshi la nchi yake. Huyo ni mtu wa kweli kabisa, aliongoza shambulio la Petit-Clamart la tarehe 22 Agosti 1962, gari la de Gaulle likapigwa risasi nyingi, matairi yakapasuka, rais akatoka mzima. Baada ya hapo Forsyth anakupa historia ya OAS kurasa kwa kurasa na hapo ndo wengi wanaanguka. Mpelelezi Claude Lebel anaingia ukiwa umeshakula sehemu kubwa ya kitabu. Ukivuka hapo lakini mambo yanabadilika, maana sasa ni watu wawili wanaokimbizana bila kuonana na kila sura inapunguza umbali, na hata waliolalamika mwanzo wengi wanakubali kwamba nusu ya pili inakwenda kama maji ya mteremko.

Leamas kinakubeba ukurasa wa kwanza. Mtu kasimama usiku kwenye kizuizi cha Berlin, Mmarekani anampa kikombe kingine cha kahawa na kumshauri akalale, yeye hataki, anamsubiri mtu wake avuke, na yule mtu kachelewa masaa tisa. Alafu kwa mbali inatokea baiskeli. Sura ile ni fupi na ukiimaliza hufungi kitabu. Shida inakuja katikati, kurasa nyingi ni watu wamekaa chumbani wanaulizana maswali, Uholanzi kidogo alafu Ujerumani Mashariki, na msomaji aliyetaka kufukuzana kwa magari anajiuliza hivi hiki ni kitabu cha kijasusi au ni kesi ya mahakamani. Mimi nasema maswali yale ndo mapigano yenyewe. Lakini namuelewa anayechoka, kwa sababu usiposoma kwa makini nani anajua nini na nani anadhani mwenzake anajua nini, unabaki na maneno matupu.

Red October ndo chenye mlango mzito kuliko vyote. Majina ni mengi, meli ni nyingi, sura moja inaruka toka Moscow mpaka Washington mpaka chini ya bahari, na kila kifaa kina kifupisho chake. Lalamiko namba moja la wasomaji ni kwamba mwandishi anasimamisha stori ili akueleze mashine inavyofanya kazi, na ni kweli anafanya hivyo, mara nyingi tu. Wanaokipenda wanakipenda kwa sababu hiyohiyo. Kuna kijana kwenye nyambizi ya Kimarekani, kazi yake kusikiliza sona, yaani kifaa cha kunasa sauti majini, anasikia sauti hafifu ambayo mashine inaichukulia kama kitu cha kawaida cha baharini, masikio yake yanakataa. Anarudia. Anasikiliza tena. Kwa aliyevumilia yale maelezo ya mwanzo kuhusu sauti zinavyosafiri majini hapo nywele zinasimama, na aliyeyaruka hapati kitu, anaona tu kijana na hedifoni.

Ukweli wa mambo

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye ubishi mkubwa, na naona wasomaji wengi wanachanganya vitu viwili, kitabu kuwa cha kweli na kitabu kuonekana cha kweli.

Forsyth alikua mwandishi wa habari, alikua Paris akifanya kazi shirika la habari la Reuters wakati ule de Gaulle anawindwa, kwa hiyo mji anaujua, walinzi anawajua, hali ya hewa ya siasa anaijua. Aliandika riwaya hii kwa siku kama 35 mwanzoni mwa 1970 na wachapishaji kadhaa waliikataa, hoja yao ikiwa ya maana tu: kila mtu anajua de Gaulle hakuuawa, sasa nani atasoma? De Gaulle alifariki nyumbani kwake Novemba 1970, kitabu kikatoka mwaka uliofuata na hoja ile ikafa, kwa sababu watu walitaka kujua muuaji angefika wapi na kwa njia gani. Ile mbinu ya kupata pasipoti kwa kutumia jina la mtu aliyefariki haikua ya kubuni, mwanya ulikuwepo Uingereza na mbunge mmoja wa huko, John Stonehouse, aliutumia 1974 alipojifanya amekufa. Kwa hiyo msomaji akisema Jackal kinasomeka kama ripoti, wengine wanaliita sifa wengine lawama, yuko sahihi, ni kazi ya mtu wa habari.

Le Carré ndo kinyume na watu wengi wanavyodhani. Yeye alikua jasusi kweli, jina lake halisi David Cornwell, alikua anafanya kazi Ujerumani akijificha nyuma ya cheo cha ubalozi pale Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa Agosti 1961. Kwa hiyo kila mtu alisoma kitabu kile akasema haya ndo yanayofanyika ndani. Mwenyewe ameeleza baadaye kwamba wakubwa zake walikipitia na kukiruhusu kwa sababu kilikua cha kubuni toka mwanzo mpaka mwisho, kingekua na siri za kweli kisingetoka. Ukweli wake uko kwingine, uko kwenye uchovu, kwenye namna ofisi inavyomtumia mtu alafu inamwandikia barua ya kumshukuru, kwenye swali kwamba upande unaojiita mwema ukifanya yaleyale ya upande mbaya tofauti inabaki wapi. Wanaotaka vifaa na mbinu wanatoka mikono mitupu.

Clancy hakuwahi kuwa mwanajeshi wala jasusi, macho yake yalimzuia jeshini, alikua anauza bima. Alijifunza nyambizi kwa kusoma vitabu na majarida ambayo yeyote angeyapata, na hata mchezo wa kivita wa mezani ulimsaidia kuelewa meli zinavyotafutana. Kitabu kikachapishwa na Naval Institute Press, shirika lililozoea vitabu vya kijeshi ambalo lilikua halijawahi kutoa riwaya mpya, Rais Reagan akakisifia, na watu wa jeshini wakabaki wanaulizana nani kampa haya. Stori yenyewe ina mbegu ya kweli, uasi wa meli ya Kisovieti Storozhevoy mwezi Novemba 1975 ulioongozwa na afisa Valery Sablin, ila Sablin hakua anakimbilia Magharibi, alitaka kuwaamsha watu wa nchi yake wafanye mapinduzi mengine, na alihukumiwa kifo. Sasa hapo utaona, mashine za Clancy ni za kuaminika kuliko siasa zake. Wasomaji wanaolalamika kwamba Wamarekani wa humo wana akili sana na mfumo wa Kisovieti umechorwa kwa rangi moja wana haki ya kulalamika, kitabu kina upande na hakijifichi.

Watu waliomo

Kama wewe ni msomaji unayehitaji kumpenda mtu ndo usome, sikiliza hapa vizuri. Muuaji mwenyewe hana jina, Jackal ni la kificho tu. Unamfuata kurasa zote zile, unajua anavaa nini, unajua anapoenda maktaba kusoma habari za de Gaulle mpaka agundue siku moja ambayo rais lazima atasimama hadharani liwe jua iwe mvua, unamuona anatundika tikiti kwenye mti msituni Ubelgiji ili apime bunduki yake, lakini ndani yake huingii. Kuna wanaosema hii ni baridi mno. Mimi ubaridi ule ndo ulionitisha, maana ulifika wakati nikajikuta nataka afanikiwe, kwa mtu ambaye sijui hata anaitwa nani. Joto la kitabu liko kwa Lebel, mtu mdogo mpole anayefanya kazi bila kelele huku wakubwa wanamvizia akosee. Wanawake wa humo wametumika kama ngazi tu, na hilo wasomaji wa leo wanalisema wazi.

Leamas unaweza usimpende lakini utamjua. Mlevi, mkali, amechoka, na kuna wakati hujui tena kama anaigiza kuharibika au ameharibika kweli, na nadhani hata yeye hajui. Liz, yule binti wa maktaba mwenye imani yake ya kikomunisti, ndo anayewagawa wasomaji. Wapo wanaosema ni mjinga kupita kiasi. Wapo wanaosema bila yeye kitabu hakina moyo, na mimi niko nao, kwa sababu ndo mtu pekee mle ndani anayeamini kitu bila kulipwa.

Red October watu wake ni kazi zao. Nahodha Ramius ana uzito, ana kisa kinachoeleza kwanini amefikia alipofika, lakini wengine wengi utawakumbuka kwa vyeo. Jack Ryan, mchambuzi wa ujasusi wa Kimarekani, ni mwema, ana akili, anaogopa kupanda ndege, basi. Wanawake karibu hawapo. Ila kuna kitu ambacho malalamiko yanakisahau, raha ya kuona watu wanaojua kazi yao wakiifanya vizuri kwa pamoja. Hicho Clancy anacho kuliko wenzake wawili, na mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye timu nzuri, iwe karakana au chumba cha upasuaji, atakitambua haraka.

Lugha

Wengi tunavisoma kwa Kiingereza ambacho sio lugha yetu ya kwanza, kwa hiyo hili sio dogo. Forsyth ndo rahisi, sentensi zake zimenyooka, anataja kitu kwa jina lake na kusonga mbele. Clancy sentensi zake sio ngumu ila msamiati wa meli na silaha utakufanya usimame kila mara, ushauri wangu usisimame, pita, vingi vinaeleweka mbele ya safari. Le Carré ndo fupi kabisa, kurasa mia mbili na kitu kwenye matoleo mengi, lakini ndo mgumu wa kuelewa, kwa sababu watu wake hawasemi wanachomaanisha. Mtu anasema jambo la adabu kabisa kumbe ametoa hukumu. Nilimsikia msomaji mmoja analalamika kwamba kuna mahali kitu kikubwa kimetokea na yeye hakuona, akarudi nyuma kurasa kumi. Ni kweli itakutokea.

Kimezeeka vipi

Vyote ni vya Vita Baridi. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989 na Muungano wa Kisovieti ukavunjika Desemba 1991, kwa hiyo dunia yao haipo tena. Jackal kinaonyesha umri kwenye kadi za hoteli zinazokusanywa na polisi kwa mikono na simu za kusubiri kuunganishwa, na ajabu ni kwamba hii inasaidia, unahisi uzito wa kila taarifa inavyotembea polepole wakati mtu anakimbia. Wanaokuja baada ya kuona tamthilia ya 2024 wajue kitabu ni kitu kingine kabisa, tamthilia imehamishiwa zama zetu na stori yake sio hii, malalamiko mengi mapya yanatokana na hilo tu. Red October vifaa vyake vimepitwa, lakini hofu ya nchi mbili zenye nyuklia zisizojua nia ya mwenzake haijapitwa. (Afisa wa kisiasa kwenye nyambizi ile anaitwa Ivan Putin, ni jina tu limegongana, kitabu ni cha 1984.) Leamas ndo kimezeeka kidogo kuliko vyote, kwa sababu kinauliza habari za watu kutumiwa, na hilo halina mwaka.

Sasa uchukue kipi

Kama unasoma kwa vipande vipande, nusu saa kabla ya kulala, chukua Jackal. Sehemu zake zimekatwa vizuri na kumbukumbu haikusumbui. Jipe ahadi tu ya kufika pale Lebel anapokabidhiwa kazi, ukifika hapo bado hujanaswa kiache bila kujilaumu.

Kama umetoka kusoma riwaya za watu na maisha na unaogopa kwamba ujasusi ni risasi tu, nenda kwa Leamas. Usikisome ukiwa na huzuni kubwa lakini, ni kizito, nimeona watu wakikimaliza wanakaa kimya siku nzima.

Kama unapenda kujua vitu vinavyofanya kazi, injini, ramani, mipango, na huna shida na kitabu kinachoshangilia upande mmoja, Red October kitakupa wiki mbili nzuri sana. Kama maelezo ya mashine yanakusinzisha basi muvi ya 1990 ya Sean Connery itakupa mkimbizano bila yale maelezo, hakuna ubaya. Jackal kina muvi yake ya 1973 na Leamas ya 1965, ila hizo mbili ningesubiri mpaka nimalize kusoma.

Kama mnasoma kikundi, Leamas ndo mtabishana zaidi, na mkigawanyika juu ya Liz msimalize haraka, anzeni na yule anayemuona mjinga, mwacheni aeleze ni ukurasa gani.

Na kama una nia ya kuvisoma vyote, mimi ningeanza na Jackal kujenga subira, Red October katikati wakati hamu iko juu, Leamas wa mwisho ukiwa na siku nzima huru. Ukikimaliza rudi sura ya kwanza pale kwenye kizuizi uisome tena, yule mtu na kahawa yake anayesubiri baiskeli.